Mapazia ya Boti Inayotoka Jasho

Mimi nashona mapazia. Sishoni suruali, sishoni yunifomu za shule, na ukiniletea kitenge cha arusi nitakuonyesha mlango wa jirani. Mapazia tu, na ninayashona vizuri, wala sioni kwa nini niseme uongo ili nionekane mnyenyekevu. Kibanda changu kiko Kimemi, hapa Butembo, ambako ukungu wa asubuhi unaingia bila kubisha hodi, na wateja wangu wote wanataka kitu kimoja: kitambaa kizito. Velua. Velua yenye bitana nyuma, pindo la uzi wa dhahabu chini, na urefu wa kuburuza sakafuni. Mtu anaweza kukosa viti sebuleni, mais, kama tunavyosema huku badala ya lakini, pazia hakosi.

Sababu ni baridi. Sisi watu wa Butembo tuna adui mmoja na tunajua anapokaa: anakaa nje. Jua likianza kushuka tunamfungia. Tunafunga dirisha, tunavuta pazia, tunaziba tundu la mlango kwa kitambaa, halafu tunakaa ndani na jiko la makaa, tunakunywa chai na kumsema vibaya. Ndivyo nilivyolelewa. Ndivyo alivyolelewa ndugu yangu mdogo pia, na hapo ndipo matatizo yetu yote yalipoanzia.

Huyu ndugu yangu, kitinda mimba wa kwetu, alikuwa ameshuka Kyavinyonge, kule chini ziwani, kutafuta maisha. Akapata boti ya mbao yenye injini, ya kuvusha wafanyabiashara kwenda vijiji vya wavuvi upande wa pili. Siku moja akanipigia simu mimi, yaya wake, yaani dada yake mkubwa.

“Yaya, unishonee marido.”

“Mapazia? Umeoa?”

“Hapana. Ni ya boti.”

Nilicheka mpaka nikashika cherehani nisianguke. Mteja aliyekuwa ameketi pale kibandani akaanza kucheka na yeye, bila kujua tunacheka nini.

“Boti gani inavaa rido, weye?”

“Yangu. Iko na madirisha.”

Na kweli ilikuwa nayo. Abiria wa ziwani huondoka kabla ya mapambazuko, wakati maji bado yametulia, na upepo wa saa ile unauma. Mtu mwingine angewaambia abiria wajifunike. Ndugu yangu, mtoto wa Butembo, akajenga kachumba ka mbao juu ya boti, akapanda mpaka kwa makanika wa kwetu, akang'oa vioo vyote vya minibasi iliyokufa, vya pembeni na kile kikubwa cha nyuma, akavishusha ziwani na kuvipachika. Halafu akavigandisha na silikone pande zote, pasipite hata pumzi ya sisimizi. Kioo kimoja kilikuwa bado na maandishi ya kukataza abiria kutema mate nje. Haki ya Mungu, ilikuwa nyumba ya Butembo, ila inaelea.

Lakini mapazia hayakuwa ya urembo. Yalikuwa ya mama.

Mama yetu ni mtu wa mlimani. Anaogopa maji, na anaogopa waziwazi, bila aibu yoyote. Beseni likijaa sana anamwita mtu mwingine alibebe. Asubuhi kukiwa na mwanga mzuri, kuna mahali juu ya mlima wetu unaweza kuliona ziwa, mbali kabisa, jeupe. Mama akifika hapo anageuza uso na kuanza kuzungumzia maharagwe. Na dada yake mkubwa, wa tumbo moja, aliolewa hukohuko upande wa pili wa ziwa, tangu sisi hatujazaliwa. Miaka yote ni mama mkubwa aliyekuwa anapanda kuja kwetu. Anafika na samaki wa chumvi, na kelele, na kicheko kinachosikika mpaka parokiani, wanakaa na mama jikoni, wanakaanga mandazi na kuwasema ndugu wote walio hai na baadhi ya waliokufa. Kisha anashuka, na mama anakuwa mkali kwa siku kadhaa.

Mwaka ule mama mkubwa hakuja. Alituma sauti kwenye simu. Tulikusanyika jikoni kuisikiliza.

“Mudogo yangu,” alisema, “miaka yote ni miye nilipanda. Nilikuletea samaki, nilikuletea habari, nilikula mandazi yako. Sasa magoti imekataa. Sasa shuka weye.” Tukasikia kuku nyuma yake. “Nataka nikuone.”

Mama akasema turudishe tena. Tukarudisha. Akasema tena. Mara ya mwisho alikuwa amejifunika uso na kitenge, halafu akakifunua na kusema:

“Nitaenda. Mais ile maji, mi hapana ona. Ata kidogo. Munipitishe juu yake sawa vile haiko.”

Maneno hayo yalimfikia ndugu yangu, na ndiyo maana ya simu ile. Ndugu yangu alitaka mapazia yatakayomficha mama ziwa zima. Bila mapazia, mama haendi. Asipoenda, basi ndugu hawa wawili hawaonani tena, maana yule mwingine hawezi kupanda na huyu hawezi kuona maji. Nikakunja mikono ya blauzi. Kumficha mtu ziwa kwa kitambaa, nani angepewa kazi hiyo kama si mimi?

Nikachagua velua ya kijani. Nzito, Mungu wangu, ungeweza kumlaza mtoto mchanga juu yake. Nikatia bitana, nikatia pindo la dhahabu, nikafunga mzigo nyuma ya pikipiki na kushuka nao mpaka Kyavinyonge. Tulipoyatundika, ndugu yangu alirudi nyuma hatua chache ufukoni akaitazama boti yake na machozi yakamlenga. Wavuvi walikuja kuchungulia. Mmoja aliuliza kama kuna askofu anakuja.

Tukakubaliana tujaribu kwanza bila mama. Asubuhi iliyofuata walipanda akina mama wa kwaya, Waprotestanti, waliokwenda kuimba kwenye ibada ng'ambo, wote wamevaa blauzi nyeupe zilizopigwa pasi. Wakajipanga kwenye mabenchi, bega moja kwenye pazia. Mlango ukafungwa. Katika kona kulikuwa na jiko la makaa na birika la chai, maana ndugu yangu hawezi kumwona mtu bila kumpa chai. Boti ikaondoka gizani, na wale akina mama wakaanza kufanya mazoezi ya nyimbo zao, na walikuwa na vifua vya kuimba, we! Mimi nimeketi katikati, natazama mapazia yangu yakitikisika kidogo kidogo, najisikia bibi arusi.

Tone likaniangukia puani.

Nikatazama juu. Mbao za dari zilikuwa zimelowa. Nikagusa kioo nyuma ya pazia: maji yanatiririka. Nikaishika velua, ikawa nzito kuliko nilivyoileta, imekunywa mpaka imeshiba. Na kitambaa kilichoshiba maji kinafanya nini? Kinarudisha. Kinarudisha na rangi yake.

Tulipofika ng'ambo jua lilikuwa limetoka. Akina mama wakashuka mmoja mmoja, na kila mmoja alikuwa wa kijani kuanzia bega mpaka kiwiko. Walioketi kulia, mkono wa kulia. Walioketi kushoto, mkono wa kushoto. Watu wa ufukoni waliacha nyavu zao. Mama kiongozi wa kwaya akautazama mkono wake, akanitazama mimi, akaiona rozari shingoni mwangu.

“Mama,” akasema, “hii ni ubatizo gani?”

“Munisamehe, mama. Ni rido.”

“Banyi Bakatoliki tunajua munanyunyizaka. Mais na rangi?”

Wakaangua kicheko, mimi nikaangua kicheko, ndugu yangu peke yake ndiye alibaki amesimama anatafuta mahali pa kujificha. Wakaenda kuimba hivyohivyo, nusu weupe nusu kijani, na nasikia watu walidhani ni yunifomu mpya. Mungu awabariki wale akina mama.

Nyuma yao mimi na ndugu yangu tuligombana vizuri.

“Boti yako inavuja!”

“Haivuji! Niliziba yote!”

“Sasa maji imetoka wapi? Mbinguni?”

Tukatafuta tundu mchana kutwa. Tulipapasa kila ubao. Hatukuona kitu, kwa hiyo tukafanya kile ambacho mtu yeyote wa Butembo angefanya: tukaziba zaidi. Aliongeza silikone juu ya silikone, mimi nikashona kamba za kitambaa cha kusukumia kwenye nyufa za mlango. Asubuhi iliyofuata ndani ya boti ungeweza kufulia nguo.

Nikarudi Butembo na akili mpya. Kama kitambaa kinakunywa, tutafute kisichokunywa. Nikanunua tualisire, ile ya kutandika mezani, ya plastiki, yenye picha za zabibu na matunda mengine mekundu ambayo sijawahi kuonja. Nikaishona, nikashuka nayo. Na kweli, haikunywa hata tone. Maji yaliteleza juu ya zabibu, yakashuka kwa adabu mpaka kwenye benchi, na kwenye benchi siku hiyo alikuwa ameketi bwana mmoja aliyekuwa anakwenda kuposa. Suti ya kijivu, viatu vinang'aa. Hakusikia kitu mpaka aliposimama.

Tulimpa kitenge, akakataa, nani anaposa na kitenge? Akaenda hivyo. Baadaye alimsimulia ndugu yangu: alipomaliza kuzungumza na wakwe alitoka nyumbani mwao kinyumenyume, akiinama, mpaka nje ya uzio, ili wasimwone nyuma. Wazee wakaambiana kwamba hawajaona kijana mwenye heshima kama huyu, asiyewapa wakwe mgongo. Alipewa mke. Mpaka leo akiniona ananiita shemeji, eti mke alimpata kwa pazia langu.

Mimi nilicheka mpaka mbavu zikauma, lakini jioni hiyo mama alipiga simu na kicheko kikakatika.

“Rido imefika wapi?”

“Bado kidogo, mama.”

“Bado kidogo, bado kidogo. Kama rido inakataa, pengine ni Mungu mwenyewe anakataa.”

Niliijua sauti ile. Mama alikuwa ameanza kutafuta mlango wa kutokea. Ningeharibu pazia moja zaidi, angemtumia dada yake ujumbe mzuri wenye Mungu ndani, na mambo yangeishia hapo. Nilipata hofu, nasema kweli. Sikulala vizuri.

Kwa hiyo nikapanda gari kwenda Beni. Beni kuna joto, na watu wa huko hawajui velua ni nini. Milangoni mwao wanatundika vitambaa vyepesi vinavyopepea, unaona mpaka mtu anakula nini ndani. Nikawaza: chepesi kitakauka haraka. Katika duka la vitambaa nilimkuta mama mmoja wa Oicha, mwenye kuuza kakao, anachagua vitambaa vya nyumba yake. Nilipomwambia ninatoka wapi na ninashona nini, alinipima kwa macho.

“Batu ya Butembo,” akasema, “munavalisha dirisha sawa mugonjwa.”

“Na banyi ya Beni munaliacha uchi!”

“Uchi, mais haliumwi!”

Tukagongana mikono, akanisaidia kuchagua. Nikarudi na kitambaa cheupe, chepesi, kizuri, ungefikiri ni cha bibi arusi. Nikafika moja kwa moja nyumbani kwa mama. Nikakitandaza kati yangu na yeye, pale uani.

“Mama, unaniona?”

“Nakuona mpaka meno.”

“Kazia macho.”

“Nakazia. Uko na kipande ya jani ya sombe kwenye jino. Basi na maji nitaiona.” Akaingia zake jikoni, na sauti yake ikatoka huko ndani, ya furaha kidogo, nadhani: “Nilikuambia Mungu anakataa!”

Nikamfuata jikoni nimekasirika. Alikuwa anakaanga mandazi. Ndiyo kazi yake tangu nimjue, ametulea na mandazi, na barabara yetu nzima imenenepa kwa mandazi yake. Beseni lilikuwa limejaa, yanatoa mvuke. Nikataka kumsaidia. Nikachukua kipande cha ile tualisire kilichobaki, chenye zabibu, nikafunika beseni.

Mama akanichapa mkono na kijiko.

“Unafanya nini? Unafunika mandazi ya moto na plastiki? Itatoka jasho! Italowana yote! Itakuwa sawa uji, mutu atakula nini?” Akaitupa ile plastiki uani, akachukua kitunga, kile cha kusukwa, akakigeuza na kufunika beseni. “Acha ipumue! Weye mukubwa hivyo, hujui?”

Nilibaki nimesimama na mkono wangu unauma.

Nikatazama kitunga. Nikatazama mvuke mwembamba unavyopita kwenye matundu yake. Nikatazama zabibu zangu kule uani, upande wa ndani umejaa matone ingawa ilikaa juu ya beseni muda mfupi tu. Yesu Maria. Akina mama wa kwaya walikuwa mandazi! Wale watu wote na pumzi zao, na nyimbo zao, na jiko, na birika la chai, na sisi wajinga wawili juu yao tunaongeza silikone. Maji hayakuwa yanaingia. Yalikuwa yanatafuta pa kutokea. Maisha yetu yote tumemfungia adui nje, kumbe safari hii tulikuwa tumejifungia naye ndani, na adui mwenyewe ni sisi.

Nilianza kucheka, na sikuweza kuacha. Mama akanigusa paji la uso kuona kama nina homa.

Nikampigia ndugu yangu.

“Kata silikone.”

“Yaya, umekunywa?”

“Kata, nakuambia! Tumefunika mandazi!”

“Mandazi gani?”

Alilia kama nimemwambia akate kidole. Lakini akakata, na alipokata vioo vya pembeni akagundua kitu ambacho mpaka leo hataki nikiseme mbele ya watu: sehemu ya juu ya vioo vile inateleza. Ni vioo vya minibasi! Vimezaliwa vikijua kufunguka. Ni yeye aliyevigandisha. Kioo cha nyuma tu ndicho kilikuwa kizima, hakifunguki, na hicho tulikiacha kilivyo.

Nikashuka tena, safari hii mikono mitupu. Nilizunguka Kyavinyonge mpaka nikawapata wanawake wanaosuka mikeka ya mafunjo, yale majani marefu ya pembeni mwa maji. Mkeka ule ni kitunga kilicholala: unafunika na unapumua. Nikaufunga kwenye kijiti, nikakitundika kijiti mbali na kioo, kiasi cha kiganja, ili hewa ipite nyuma. Tukavusha abiria asubuhi. Walizungumza, walikunywa chai, mtoto mmoja alilia njia nzima. Nikapapasa kioo: kikavu. Nikapapasa dari: kavu. Nikapiga vigelegele peke yangu, na wale abiria, watu wazuri, wakanisaidia.

Kisha nikaketi, nikatazama mkeka, na moyo ukashuka. Kupitia kwenye nafasi za mkeka nililiona ziwa. Limekatwa vipande vipande vyembamba, linametameta. Mama hakutaka kuona ziwa moja, na mimi nilikuwa nimemtengenezea mengi. Kinachopumua kinaonyesha, na kinachoficha kinatoka jasho. Nikakaa sakafuni kwa hasira, nikainua uso ili nimtukane ndugu yangu kupitia dirishani.

Na kutoka pale sakafuni, kupitia nafasi za mkeka kwenye nusu ya juu ya dirisha, sikuona maji. Niliona mbingu, na chini yake milima yetu, ile ya kwetu kabisa, ya bluu, inayolifuata ziwa ubavuni njia nzima. Maji hayakuwepo. Nikainuka nusu: maji yakaja. Nikakaa: yakaondoka. Nilifanya hivyo mara nyingi, na abiria wakaanza kuniombea.

Basi ikawa hivi. Nusu ya chini ya kila dirisha, mkeka maradufu, uliosukwa kwa kubana. Nusu ya juu, wazi. Kioo kikubwa cha nyuma, ambacho nyuma yake ziwa linakaa zima, nikakifunika chote, juu mpaka chini, nikafunga mkeka kwa vifundo vyangu vya ushonaji ambavyo havifunguki ovyo. Bado kilikuwa kinatoka jasho, mais hapakuwa na benchi hapo. Na katikati ya chumba, kigoda. Kigoda cha mama cha jikoni, kifupi, anachokalia akikaanga.

Siku ya safari tulingoja kupambazuke ili aione milima, na mama alivaa kitenge chake cha Pasaka. Alifika ufukoni kitambaa cha kichwa kimeshuka mpaka puani, mimi nimeshika mkono mmoja, abiria mmoja mkono mwingine, kitunga cha mandazi kikiwa kichwani pangu. Tukamkalisha. Nikamfunua macho. Akazungusha kichwa taratibu: mikeka, mbingu, milima.

“Iko wapi?”

“Nini, mama?”

“Ile kitu.”

“Kitu gani?”

Abiria wote tulikuwa tumewaonya. Hakuna kulitaja lile neno. Ndugu yangu, nje nyuma ya boti kwenye injini, aliwasha, na tukaondoka. Mama alibana rozari. Baada ya muda akaniuliza kama tumeanza, na tulikuwa tumekwisha kuacha nchi kavu nyuma yetu zamani. Nikamwambia ndiyo, kidogo. Akauangalia mlima wetu. Mabega yakalegea. Akafungua kitunga.

“Muonje,” akawaambia watu. “Ni ya leo.”

Nusu saa baadaye alikuwa amegawa robo ya mandazi ya dada yake, anajua majina ya watoto wa kila abiria, na ameanzisha wimbo. Bwana mmoja aliyemeza andazi vibaya akashika koo.

“Naomba ma—”

“Chai!” tukapiga kelele wote. “Anataka chai! Mumupe chai!”

Akapewa chai. Akainywa ya moto vilevile, machozi yanamtoka, mama anamwambia ale polepole. Sijawahi kufurahi vile katika maisha yangu. Niligusa kioo karibu na sikio langu, kikavu kabisa, nikataka kumbusu mtu.

Mama mkubwa alikuwa ametolewa na wajukuu wake, wamemketisha kwenye kiti ufukoni, karibu kabisa, ili asitembee. Tulimshusha mama kitambaa kikiwa machoni. Alikivua akiwa mbele ya kile kiti.

“Yaya, umezeeka!”

“Na weye? Hujajiona?”

Wakashikana, wakapigana vikofi, wakacheka kile kicheko chao cha parokia, halafu wakalia, halafu mama mkubwa akauliza mandazi yako wapi na kwa nini kitunga ni chepesi. Siku zote tulizokaa kule waliketi kwenye mkeka mmoja nje ya nyumba. Mama alichagua kukaa akilipa ziwa mgongo. Mama mkubwa alimwambia, “Haya, mi nitakuangalizia,” wakaendelea kuwasema watu.

Siku ya kurudi, kiti kikabebwa tena mpaka ufukoni. Hawakuagana kwa maneno mengi. Mama akafunika macho, tukampandisha, akakaa kwenye kigoda chake. Injini ikawaka. Mbele yake mbingu, na milima ya kwetu, kila kitu nilivyokipanga.

Ndipo tukasikia sauti nyuma. Mama mkubwa alikuwa anaita. Si jina, wala si maneno, ile “iii” ndefu wanayoitana nayo mlimani, kutoka shamba moja hadi lingine. Mama akageuza kichwa. Akakutana na mkeka wangu.

Akasimama. Boti ilikuwa inayumba na yeye alikuwa amesimama, mama yangu, ambaye anaogopa beseni. Akaenda mpaka kwenye kioo cha nyuma, akapapasa vifundo vyangu, vikakataa. Basi akashika mkeka kwa mikono miwili, akauvuta na kijiti chake, vikaanguka miguuni pake. Kule nje ndugu yangu akauona uso wa mama kwenye kioo, akashtuka, nusura aachie injini. Kisha akainama ili asimzibe.

Ziwa lote lilikuwa pale. Na mwisho wake, ufukoni, kiti, na mtu anayepunga kitenge.

“Mama,” nikasema polepole, “maji.”

“Unyamaze. Niko naangalia mukubwa yangu.”

Alikuwa amesogea sana, pua inagusa kioo, na kwa vile alikuwa anapumua kwa nguvu kioo kikaingia ukungu. Akakifuta na pembe ya kitenge cha Pasaka. Akaangalia. Kikaingia ukungu tena, akafuta tena, na alikuwa bado anafuta wakati sisi wengine hatukuona tena kiti.